Risasi Nafuu za Shamba la Chini

Jumapili, 7 Aprili

Theluji imebaki kwenye mitaro tu, na kindi wa mashimoni wametoka. Nimewahesabu kutoka dirisha la jikoni nikiosha vyombo: thelathini na mmoja, wamesimama wima katikati ya lusani yetu, majani ya kulishia ng'ombe, kama vile hati ya shamba ina majina yao. Orrin anasema ni wachache kuliko mwaka jana. Orrin ni kaka yangu, ana miaka sitini na sita, na kwake kila kitu ni kidogo kuliko mwaka jana, isipokuwa kelele zangu.

Naanza daftari hili ili ikifika Julai nijue nilitokaje hapa, au nilishindwaje. Baba alituachia ranchi hii sote wawili, na wosia wake haumruhusu mmoja kuuza bila mwenziwe. Nilirudi kumuuguza mama kwa kipupwe kimoja. Mama alishazikwa, na vipupwe vimefika kumi na tisa. Nina miaka hamsini na minane, naendesha basi la shule, nampikia kaka yangu, na jioni tunatazamana.

Januari nilimwambia nimechoka. Rafiki yangu Corrine ana duka la mikate mjini Missoula. Ameniwekea kazi na chumba cha ghorofani, lakini mwisho wa kunisubiri ni tarehe kumi na tano Julai. Orrin aliikoroga kahawa yake hadi ikapoa, kisha akasema, "Shamba la chini likitoa marobota mia na arobaini ya majani makavu mkato wa kwanza, naajiri mtu. We nenda zako." Yasipofika, pesa ya kuajiri mtu haipo, na ng'ombe mia na ishirini hawajilishi wenyewe. Mwaka jana yalifika tisini na nane. Yaliyobaki yaliliwa na kindi.

Basi nina bunduki ya baba, ile ndogo ya risasi za ishirini na mbili, na nina hadi mwisho wa Juni.

Jumatano, 10 Aprili

Upepo. Basi asubuhi, basi jioni. Sikufyatua hata moja.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimekwenda kwa Lyle kutafuta risasi. Lyle anauza chumvi ya ng'ombe, waya, buti na risasi, na ushauri anatoa bure hata kama hujauomba.

"Dada Verla, hizi hapa mia tano, bei ya bure. Zimemwagwa ndani kama maharage."

"Zinapiga?"

"Zinalia. Kupiga ni kati yako na Mungu."

"Na hizi?"

"Hizo nyepesi, zina tundu kichwani, zinakwenda mbio. Kindi hajui kilichompata. Ila upepo ukizigusa, zimeenda kwa jirani. Hizi nyingine nzito, za polepole, hazina makuu. Zinatua ulipoziambia." Akagonga kioo. "Au chukua bunduki ya kumi na saba na risasi zake. Hata shangazi yangu angepiga hatua mia na hamsini."

"Shangazi yako analipia?"

Tatizo la kabati lile ni kwamba bei imeandikwa kwa boksi, na mimi sili maboksi. Nataka kujua kila kindi atanigharimu kiasi gani. Risasi ya senti tano nikikosa nayo mara nne ni ghali kuliko ya senti kumi na mbili nikipata nayo mara moja. Nilimweleza Lyle hesabu hiyo akaniambia nilipaswa kuwa mhasibu. Nikachukua boksi moja la maharage na moja la zile nzito.

Jumapili, 14 Aprili

Nimetundika sahani ya karatasi kwenye nguzo, hatua hamsini, nikalaza bunduki juu ya gunia la mchanga kwenye boneti ya pikapu. Risasi tano tano, kama baba alivyotufundisha. Maharage yalitawanyika: moja juu, moja chini, moja sijui ilikokwenda. Orrin alikuwa amekaa barazani na kahawa.

"Sahani imekufa?"

"Bado."

"Na nguzo je?"

Zile nzito, matundu matano yote yakafunikwa na kikombe. Nikazungusha vifundo viwili vya darubini iliyo juu ya bunduki, cha juu cha kupandisha na cha pembeni cha kusogeza, hadi kikombe kikakaa katikati ya sahani. Jioni nimepiga kindi kumi na wanne kwa risasi kumi na saba. Nimeimba nikipika. Orrin akauliza kama ninaumwa.

Jumatatu, 22 Aprili

Wiki nzima mvua na matope. Leo jua limetoka, nimeshuka na bunduki baada ya basi, na nimekosa kumi na tisa mfululizo. Kumi na tisa! Kindi mmoja hakujisumbua hata kugeuza shingo.

"Risasi za bei poa hizo," alisema Orrin. "Boksi moja nzuri, la pili takataka. Hawa watu wa viwandani hawana haya."

Labda. Risasi nazo zimepungua haraka kuliko nilivyodhani.

Ijumaa, 3 Mei

Nimebadilisha. Zile nyepesi zenye tundu. Nimelenga sahani upya, maana kila aina ya risasi hutua pake, nikasogeza darubini tena. Ishirini na mbili kabla ya chakula cha jioni. Hizi ndizo.

Jumanne, 7 Mei

Hizi sizo.

Alhamisi, 9 Mei

Watoto wa kindi wametoka mashimoni. Jana walikuwa mia, leo nimeacha kuhesabu. Ukingo wa kusini wa lusani umebaki udongo mtupu, upana wa barabara.

Jumapili, 12 Mei

Baada ya ibada mchungaji alisimama hatua tatu mbele ya Orrin, mkono ameunyoosha. Orrin akampita kama nguzo. Nilimuuliza ndani ya pikapu, "Mchungaji amekukosea nini?" Akasema, "Sikumwona." Hakumwona! Mtu wa kilo mia moja na kumi, na tai nyekundu. Kiburi kimemzidi tangu nimwambie nataka kuondoka. Sasa hata gazeti ananisukumia nimsomee bei za ng'ombe, eti sauti yangu nzuri. Pikapu haendeshi tena, nimwendeshe mimi. Kahawa anamimina hadi inafurika mezani, na anayepangusa ni mimi. Ananifundisha kwamba bila mimi nyumba itaanguka. Nimeshaelewa somo, nashukuru.

Jumamosi, 18 Mei

Aina ya nne, kutoka nje, wino wa boksi unabaki mikononi. Jioni ya kwanza nzuri. Jioni ya pili, hovyo.

Jumatatu, 27 Mei

Nimemlilia Corrine kwenye simu. Akasema, "Verla, mikate inakusubiri." Nikamwambia mikate haijui kusubiri. Akacheka, lakini tarehe hakuisogeza, na simlaumu. Kuna mama mwingine anaitaka nafasi hiyo.

Jumamosi, 1 Juni

Shule zimefungwa. Sasa siku zangu zote ni za kindi, isipokuwa Jumanne ya sokoni na posta, na Jumapili ya kanisani, ambako Orrin ameacha kwenda. Nimewasukuma kutoka ukingo wa kusini. Lusani imefika magotini katikati ya shamba, nzuri, ya kijani nzito. Tukibaki hivi mia na arobaini yanawezekana.

Jumanne, 4 Juni

Nimebeba sahani zangu zote za karatasi hadi kwa Lyle, nimwoneshe takataka anazoniuzia. Akazipanga juu ya kaunta, akavaa miwani, akazipitia moja moja kwa kidole.

"Hii ni lini?"

"Jumatano iliyopita."

"Tazama. Matundu matano yamekaa pamoja, kikombe kinayafunika. Ila kikombe kiko huku kushoto, karibu na ukingo. Na hii?"

"Jumatatu."

"Pamoja tena, ila juu kabisa. Dada, risasi mbovu hutawanyika. Hizi hazikutawanyika. Hizi ni nzuri, hata hizi za wino. Bunduki ndiyo inatazama kwingine." Akavua miwani. "Kuna mtu anazungusha vifundo vya darubini yako."

"Darubini imelegea tu."

"Ikilegea inacheza huku na huku. Hii haichezi. Inahamishwa."

Nimeendesha maili ishirini na sita kurudi nyumbani na sikumbuki hata moja. Nyumba yetu ina watu wawili.

Jumatano, 5 Juni

Nimelenga sahani upya asubuhi. Kisha nimechukua rangi ya kucha, nikachora mstari mwembamba juu ya kila kifundo, kutoka kwenye kifundo hadi kwenye mwili wa darubini. Kikisogea hata kidogo, mstari utakatika. Bunduki nimeirudisha nyuma ya mlango wa jikoni kama kawaida. Nimepika nyama ya kusaga na viazi. Nimemtazama akila.

Jumamosi, 8 Juni

Siku nne, mstari mzima. Kindi tisini na sita. Sijatoka nyumbani siku nne hizo.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda mjini asubuhi, nimerudi saa sita mchana. Nimeweka mifuko chini na kwenda moja kwa moja nyuma ya mlango. Mistari yote miwili imekatika. Kifundo cha pembeni kimezungushwa karibu nusu.

Nilikaa chini sakafuni, karibu na maziwa na mayai. Nilikuwa nikitafuta risasi nafuu. Miezi miwili nimesoma maandishi madogo ya maboksi, nimelaumu viwanda, baridi, upepo, macho yangu mwenyewe, na wakati wote kaka yangu alikuwa akingoja nitoke ili aniharibie shabaha. Ndiyo maana amepoa hivi, anakaa barazani na kahawa. Hahitaji kunikatalia. Anawaachia kindi wanikatalie kwa niaba yake.

Nilimpelekea chakula barazani. "Umeshinda vizuri?" nikauliza.

"Salama tu. Nimekaa."

"Hujagusa kitu?"

"Niguse nini?"

Sura yake haikubadilika hata kidogo. Namchukia. Sijawahi kuandika neno hilo kuhusu mtu wa damu yangu, nami naliandika kwa mkono uliotulia. Na ninajisikia vizuri kuliko nilivyojisikia mwaka mzima. Mtu kama huyu unaweza kumwacha. Unafunga sanduku, unaondoka, hugeuki nyuma.

Jumatano, 12 Juni

Nimelenga upya, nimechora upya. Simsemeshi. Hajagundua, au anajifanya.

Jumapili, 16 Juni

Niandike taratibu.

Nilivaa gauni la kanisani, nikamuaga, nikaendesha pikapu hadi nyuma ya maghala ya nafaka kwa jirani, nikarudi kwa miguu kupitia mtaro, gauni limeshikwa mkononi. Nilitaka kumkamata mikono ikiwa juu ya vifundo. Nilishapanga hata maneno.

Alitoka saa nne kasoro, na bunduki. Alishuka njia ya mtaroni bila kutazama chini, akaruka waya pale panaporukika, akakaa nyuma ya lile jiwe kubwa. Mimi nilikuwa pembeni yake, hatua kama arobaini, jua wazi kabisa. Kulikuwa na kindi amesimama mbele yake, karibu kiasi kwamba mama angempiga kwa kiatu. Orrin alilenga muda mrefu. Akafyatua. Vumbi likaruka mbali kushoto. Kindi akamtazama. Orrin akashika kifundo, akazungusha. Akafyatua tena. Vumbi mbali zaidi. Akazungusha. Alifanya hivyo mara saba, na kindi alipochoka akaondoka zake, na Orrin akaendelea kupiga pale pale alipokuwa.

Kisha akaweka bunduki chini, akapiga magoti, akaanza kuokota maganda ya risasi. Yalikuwa yanang'aa juani mbele ya magoti yake. Hakuyaona. Aliyapapasa kwa viganja, nyasi kwa nyasi, kila alilolipata akalitia mfukoni, na moja lililokuwa karibu na buti lake alilipita mara tatu.

Nilitoka mtaroni, nikamsogelea. Aliinua kichwa, akakigeuza upande kama kuku.

"Nani hapo?"

Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, ndani ya gauni la njano.

"Mimi."

"Kanisa limeisha mapema."

"Orrin, tangu lini?"

Akatafuta jiwe kwa mkono, akalikalia. "Oktoba. Jirani alinipeleka kwa daktari. Katikati ya macho pamekufa, pembeni bado panaona kidogo. Nikikutazama usoni sikuoni, mdogo wangu. Nikitazama ghala ndiyo naona kipande chako."

"Na darubini?"

"Ule msalaba wa ndani naona umepinda. Nikadhani imegongwa. Nikawa nairekebisha. Nilikuwa sijui kama unaitumia vile vile nilivyoiacha. Nilidhani nakusaidia kuipanga."

"Umeniharibia msimu mzima! Nilikuwa naona risasi ni mbovu!"

"Nilitaka marobota yafike. Ukiwa kwenye basi nashuka napiga wangu. Nahesabu wamefika kama mia mbili hivi."

Mia mbili. Nilitazama lusani. Hakukuwa na kindi hata mmoja aliyelala amekufa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekaa," alisema kaka yangu. "Nakujua."

Nilikaa karibu naye juu ya jiwe, nikamwokotea ganda lililobaki. Maneno yangu yote niliyoyapanga hayakuwa na pa kwenda. Nikamwambia amefanya kazi nzuri, kwamba nilikuwa nashangaa nani anawamaliza upande ule. Akafurahi. Nilimchukia vizuri kwa siku tano tu.

Jumatatu, 17 Juni

Bunduki imekaa chumbani kwangu, kwa maelewano. Kindi hamsini na nane kwa risasi sitini na sita. Hata yale maharage, ukikaribia vya kutosha, yanaua.

Alhamisi, 20 Juni

Joto. Lusani imeanza kutoa maua ya zambarau.

Jumanne, 2 Julai

Tumekata, tumegeuza, tumefunga. Mashine niliendesha mimi. Orrin alitembea kutoka robota hadi robota akiyagusa na kuhesabu kwa sauti, na mimi nikimfuata kimya nikihakikisha. Mia na arobaini na sita. Alivua kofia, akasema, "Basi. Nilisema, na nimesema." Leo hii hii amempigia simu mtu anayeitwa Wendell, na Wendell anakuja Jumatatu.

Kila kitu kimefunguka. Sanduku liko kitandani, wazi, na sijatia hata soksi.

Jumapili, 7 Julai

Nimemwomba twende wote Missoula. Corrine anasema vyumba vya kupanga vipo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Huku natembea bila macho," alisema. "Najua kila waya, kila shimo, ngazi ngapi. Kule nitakuwa kipofu."

Jumatano, 10 Julai

Wendell ni mtu mwema, hanywi, ng'ombe wanamsikiliza. Jana aliegemeza reki kwenye kona ya ghala, mahali ambapo haijawahi kukaa reki tangu enzi za baba. Kwa mwenye macho hilo si kosa. Orrin ameigonga, amepasuka kidevu, ameshonwa nyuzi tano. Wendell ameomba radhi mara kumi, na ataegemeza kitu kingine wiki ijayo.

"Niliteleza," Orrin ananiambia. "Panga nguo zako."

Jumapili, 14 Julai

Nina hasira na sina wa kumkasirikia. Nilipodhani amenifungia mlango, nilikuwa na nguvu za kuuvunja. Sasa ameufungua kwa mikono yake, amesimama kando, ananiambia pita, na miguu haiendi. Angekuwa mtu mbaya ningekuwa Missoula leo.

Jumatatu, 15 Julai

Nimempigia Corrine. Hakunilaumu. Alisema yule mama mwingine ataanza kesho. Nilikwenda kusimama kwenye banda la mashine nikalia kwa sauti, kwa ajili yangu mwenyewe, si kwa ajili ya mtu mwingine yeyote, kisha nikaosha uso kwenye pipa la ng'ombe. Orrin alikuwa mlangoni pa jikoni.

"Umemwambia unafika lini?"

"Nimemwambia siendi."

Alipapasa hadi mezani, akakaa. Kisha akapiga meza kwa kiganja. "Ndiyo maana sikukuambia!"

"Najua."

"We mwanamke mjinga sana."

"Kunywa kahawa yako."

Alhamisi, 18 Julai

Nimepita kwa Lyle kuchukua chumvi. Kindi wameshaingia ardhini, wakubwa wote wamelala, hawatatoka hadi Machi. Duka lilikuwa tupu.

"Unaondoka lini?" akauliza.

Nilimwambia nataka zile nzito, za polepole. Akashusha boksi moja, kama kawaida yangu.

"Kwa kreti ni bei gani?" nikauliza.

"Kwa kreti inashuka sana. Ila dada, kreti ni risasi elfu tano. Hiyo ni ya miaka mitatu, minne."

"Nipakilie kwenye pikapu," nikamwambia.